Sikushiriki

Wivu wa Andongwisye ulianza kwa ndizi, kabla hata hajafikiria beji ya kiranja mkuu.

Siku ya wazazi mama yake alipanda kutoka Mpuguso na kikapu cha ndizi mbivu. Kabla mwanawe hajafika getini, Hashimu alikuwa amekwisha kumpokea kikapu, amechuchumaa na kumwamkia kama mtoto aliyelelewa palepale kijijini, wakati kila mtu alijua ni mtoto wa mzee Suleimani, fundi cherehani wa mjini Tukuyu, ambaye babu yake alitoka pwani. Mama akacheka mpaka kitenge kikamlegea. Alipogawa ndizi, kichane kikubwa kikaenda kwa Hashimu.

"Ndaga, mwanangu," akamshukuru. Kisha akamgeukia Andongwisye: "Gwe Ando, huyu rafiki yako ana adabu kweli. Mwige."

Mwige! Yeye, aliyeshika namba moja tangu kidato cha kwanza! Andongwisye akaila ndizi yake bila kuisikia ladha.

Mwaka huo ulikuwa wa tisini na tano, na shule za binafsi zilikuwa zikichipuka wilayani kama uyoga baada ya mvua. Shule ya Mwalimu Lazaro, pale juu ya Makandana, ilijivunia kitu ambacho nyingine hazikuwa nacho: Ahadi ya Heshima. Vifungu kumi na viwili, vimepigwa chapa, vimebandikwa mlangoni mwa kila bweni. Mwanafunzi mpya alivisoma kwa sauti mbele ya wenzake, kisha akatia saini. Mwalimu Lazaro hakuwa na fimbo ofisini, alikuwa na Kitabu. Mwenye kumshitaki mwenzake aliandika kosa kwa mkono wake mwenyewe, na chini yake akaandika maneno mawili, "Nami sikushiriki", akatia saini. Basi. Neno la mtu lilitosha.

Andongwisye aliijua Ahadi yote kwa moyo. Aliamini kwamba shule nzima hapakuwa na kijana aliyeistahili beji ya kiranja mkuu kuliko yeye. Mwezi wa pili ulipofika, majina yaliyobaki mezani kwa Mwalimu Lazaro yalikuwa mawili tu: lake na la Hashimu. Beji ingetolewa Ijumaa.

"Hashimu atashinda," alisema Meshaki Jumatano mchana, bwaloni, akinawa mikono. "Ando, usinune. Wewe utakuwa waziri wa vifungu."

Walicheka wote. Bwaloni wanafunzi walikula sita sita, sinia moja, na wale sita wa sinia lao walikuwa pamoja tangu kidato cha pili: Andongwisye, Hashimu, Meshaki mwenye mdomo, Wilson mpole, na mapacha wawili kutoka kijiji cha Masoko. Kwa Wanyakyusa, kula pamoja si jambo dogo. Rika hula pamoja, na mtu anayejifungia na chungu chake hata mbwa humtazama mara mbili.

Ndiyo maana Ramadhani ilipoingia, na Hashimu akaanza kufunga, hakuna aliyeuliza la kufanya. Mchana hakula, lakini fungu lake halikupotea. Walimkatia tonge la ugali na maharage, wakalitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia, na mmoja wao akalificha chini ya sweta mpaka bwenini. Alfajiri Hashimu aliamka, akala daku lake la baridi, akamshukuru Mungu. Walipokezana kubeba. Jumatatu alibeba Wilson. Jumanne alibeba Andongwisye, na kopo likamchoma tumbo njia nzima kwa moto wa maharage.

Kifungu cha nne kilisema: chakula hakiingii bwenini.

Alikijua. Alikuwa akikijua kila siku. Lakini Jumatano ile, kicheko cha "waziri wa vifungu" kilipomfuata mpaka darasani, kifungu cha nne kikaanza kumwita kwa jina. Kila alipofungua daftari alikiona. Akamtazama Hashimu aliyekaa mbele, shingo imenyooka, njaa ya kutwa haionekani usoni, akisaidia mtu hesabu kwa kunong'ona, na mtu huyo akitabasamu. Kila mtu alimtabasamia Hashimu. Walimu, wapishi, mpaka mama mzazi wa mtu!

Alhamisi baada ya vipindi, mvua ikipiga mabati, Andongwisye akabisha hodi ofisini.

"Una hakika?" Mwalimu Lazaro aliuliza, akimsogezea Kitabu.

"Nina hakika, Mwalimu. Chini ya kitanda chake, kwenye kopo."

"Andika."

Aliandika vizuri, kwa mwandiko wake wa kulala kidogo. Alipofika kwenye yale maneno mawili kalamu ikasimama. Akakumbuka joto la kopo tumboni. Akajiambia: mimi nilibeba tu, aliyeweka bwenini ni yeye. Akajiambia tena, kwa nguvu zaidi. Akaandika: Nami sikushiriki. Akatia saini yenye mkia mrefu, ile aliyoizoea tangu alipoanza kujiona mtu mkubwa.

Saa kumi na moja kengele ikagongwa, shule nzima ikapangwa bwaloni. Kopo lilikuwa juu ya meza, limefunguliwa, ugali wa mchana umeganda ndani yake. Mwalimu Lazaro alimsimamisha Andongwisye upande wake wa kulia, kama ilivyokuwa desturi kwa mshitaki, na Hashimu mbele.

"Kopo hili ni la nani?"

"Langu, Mwalimu."

"Unajua kifungu cha nne?"

"Najua, Mwalimu. Ni daku. Sikujua niliweke wapi."

"Ungeniuliza."

Hashimu akainamisha kichwa. "Kweli, Mwalimu. Sikuuliza. Kosa langu."

Sauti yake haikutetemeka, na Andongwisye akachukia hata hilo. Alitaka aone jasho. Alitaka angalau mara moja katika maisha Hashimu awe mdogo mbele za watu.

"Mchana wewe huingii bwaloni," Mwalimu Lazaro akaendelea. "Chakula hakina miguu. Kifungu cha tatu kinasemaje?"

"Ukweli wote, Mwalimu."

"Basi wataje wenzako waliokuletea."

   Jana usiku Andongwisye alikuwa amelifikiria kila jambo, jinsi atakavyovaa beji, jinsi mama atakavyopata habari sokoni, lakini hili hakulifikiria. Wivu ulikuwa umemfumba macho kwa upande mmoja. Kitabu kilikuwa palepale mezani, na saini yake ndani haijakauka vizuri.

Hashimu akanyanyua macho. Akamtazama Andongwisye, si kwa hasira, kama mtu anayetazama nyumba aliyowahi kuishi.

"Meshaki," alisema. "Wilson. Na mapacha."

"Na nani mwingine?"

"Basi, Mwalimu. Ni hao."

Meshaki alisimama kabla hajaitwa. "Ni kweli, Mwalimu. Na tungeleta mpaka Idi." Wilson akasimama. Mapacha wakasimama pamoja, kama wafanyavyo kila kitu. Walisimama wanne, na hakuna hata mmoja aliyelitaja jina la tano.

Mwalimu Lazaro hakupiga kelele. Jina la Hashimu likafutwa kwenye majina ya beji. Wote watano wakapewa wiki nzima ya kuchimba shimo jipya la taka nyuma ya jiko, kila jioni. Kisha akamwita Bi. Sekela mpishi, akaagiza kwamba kuanzia leo fungu la anayefunga litunzwe jikoni, na mlango ufunguliwe alfajiri. "Hili lilikuwa kosa langu," alisema, na yeye akaliandika Kitabuni, mbele ya watu wote.

Ijumaa Andongwisye akavikwa beji. Watu walipiga makofi, kwa kuwa waliagizwa wapige.

Kazi yake ya kwanza ikawa kuwasimamia wachimbaji. Alikwenda jioni ile na daftari la mahudhurio, viatu vimeng'aa. Watano walikuwa wamezama mpaka kiunoni kwenye udongo mweusi, wametota, na Meshaki alikuwa akiimba huku jembe likishuka:

"Shimo letu shimo refu, Kiranja chungulia,
Ukiteleza ukaanguka, nani atakuinua?"

Wakacheka. Hashimu naye akacheka, midomo imekauka kwa saumu, ameegemea bega la Wilson apumzike. Andongwisye alikuwa nayo beji. Alikuwa nayo! Mbona basi alilitazama lile shimo la udongo kama mtu aliyefungiwa nje ya sherehe yake mwenyewe?

Akangoja wengine wapande kwenda kunoa majembe. Akainama ukingoni.

"Hashimu. Kwa nini hukunitaja?"

Hashimu alipangusa uso kwa mkono, ukaacha alama ya tope. Alifikiri kidogo, kama mtu anayetaka kujibu swali kwa haki.

"Mwalimu alisema niwataje wenzangu," alisema.

Akashika jembe, akaendelea kuchimba.

Andongwisye angeweza kwenda ofisini. Njia ilikuwa hatua mia, na Mwalimu Lazaro alikuwa bado ndani, taa inawaka. Alifika mpaka kwenye kona ya jiko. Hapo akaigusa beji, akaona ilivyo nzuri, nyekundu na herufi za dhahabu, akageuka.

Usiku ule kiranja mkuu alikula kwenye meza ya viranja, kwa sahani yake peke yake, na nyama ikaongezwa. Upande wa pili wa bwalo, Hashimu alikuwa amekwisha kufuturu, na watano wale walikuwa wameinamia sinia, mikono yote bado ina tope kwenye kucha. Meshaki akasema kitu kwa sauti ya chini. Sinia zima likaangua kicheko, mapacha wakapaliwa, Wilson akampiga Hashimu mgongoni.

Andongwisye akaacha kutafuna, akatega sikio. Hakusikia kitu. Angeitoa nyama ile yote, na siku hiyo labda hata beji, ili ajue tu wanacheka nini.