Reli ya Karani Ansbert

Karani Ansbert aliletwa kwetu Mikocheni wakati wa vita, nguo zilipokuwa hazionekani madukani. Alitoka Bukoba na mkewe Benedicta, na kiburi cha kutosha watu wanne. Ukimweleza jambo la bahari anakukatiza: "Mama, mimi nimezaliwa kando ya maji." Ni kweli. Ila maji ya ziwa hayapwi na kujaa kama yetu, na hilo hakuna aliyekumbuka kumwambia, mimi Mauwa nikiwamo.

Siku moja akapata barua kutoka ofisi ya mjini. Ardhi ikitetemeka chini ya bahari huko mbali, ilisema, wimbi kubwa laweza kutufikia. Dalili yake ni bahari kurudi nyuma kuliko kawaida. Karani agonge kengele, watu wapande juu upesi. Ansbert akatundika kipande cha reli kwenye mkorosho kiwe kengele, akaketi akiitazama bahari kama anayeilinda isiibiwe. Sisi tuliambiwa tu kwamba reli ikilia tupande kilimani.

Kesho yake ilikuwa bamvua, siku maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine. Saa nne asubuhi maji yakapwa, yakaacha mwamba mtupu, kama yafanyavyo tangu Mungu ayaumbe. Barua ilisema kuliko kawaida, na karani hiyo kawaida yenyewe hakuijua. Akagonga mpaka mikono ikamfa ganzi. Tukapanda na watoto, kuku na vyungu, tukakaa juani mbele ya duka la Noorali mpaka adhuhuri. Ndipo nikamuuliza karani tunakimbia nini.

"Bahari imeondoka!"

"Imekupwa, bwana karani. Alasiri itarudi. Hata jana iliondoka."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka, wala hakukiri kosa.

Hapo nami nikafanya langu. Sisi wanawake tulikuwa tukivua pweza mwambani, na wengi walikaa ndani mashambani, bahari hawaioni. Nikamwambia, "Usiache kugonga. Maji yakipwa wewe gonga tu, sie tutashuka na vikapu. Pweza wako nitampika mwenyewe kwa nazi." Mara ya kwanza alimtazama yule pweza kama amepakuliwa kamba za viatu. Mara ya pili aliomba aongezwe mchuzi. Basi miezi mingi ikapita hivyo. Reli ikilia, wanawake wote wanateremka, Benedicta mbele, maana alikwisha kutushinda wote kwa kumtoa pweza pangoni.

Ikaja siku nyingine ya bamvua, saa kumi alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye mizizi ya minazi. Mara yakaanza kuondoka. Yalikwenda upesi, yakaupita mwamba, yakaacha samaki wakirukaruka mchangani. Safari hii karani alikuwa ameshaijua kawaida, na akaona hii siyo. Akaigonga reli kwa nguvu zake zote.

Nasi tukashuka.

"Rudini! Pandeni juu!" alipiga mayowe. Tukampungia mikono. Samaki wanajileta wenyewe, nani arudi? Nilijaza kikapu, nikautoa mtandio wangu kichwani nao nikaujaza. Karani akavua shati akalipunga hewani, tukampigia vigelegele. Mwishowe akapanua kinywa akasema:

"Kwa Noorali wanagawa khanga! Bure! Doti arobaini tu!"

Sijapata kukimbia vile maishani. Nilimpita mwanamke mwenye mimba, naona haya kusema.

Noorali alikuwa akinywa chai yake. Alipoona wanawake zaidi ya sitini wanamjia na samaki mikononi, alirukia nyuma ya meza. "Khanga gani, mama zangu? Mie nina viberiti na chumvi tu!" Mkewe Khatun akawahi kufunga mlango. Tukaugonga mlango huo na kumwita Noorali majina yasiyoandikika, mpaka tukasikia mngurumo huko chini.

Nikageuka. Maji yalikuwa yameivuka minazi, yanauzunguka mkorosho, na ile reli haionekani. Niliogopa kwa mara ya kwanza siku ile, na nilipaswa kuogopa mapema. Tukahesabiana. Benedicta hayupo. Karani naye hayupo.

Mke wa karani alijua kwamba khanga haziji bila barua, na barua zote hupita mezani kwao. Yeye alibaki mwambani. Tulilia hadharani, Noorali akafungua mlango akalia nasi. Kisha maji yalipoanza kupungua tukawaona wakitokeza kati ya minazi, maji kiunoni, wameshikana mikono, mke akimvuta mume.

"Alinifuata kule kule," Benedicta alituambia, meno yakimgongana. "Akaniambia, 'Bena, nimewadanganya. Bahari hii siijui, na ninaogopa.' Miaka sita ya ndoa sijamsikia akisema hajui kitu. Nikatupa kikapu nikakimbia."

Asubuhi yake ofisi ikataka taarifa. Ansbert aliketi kwenye kibaraza cha Noorali, akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Nikisema kengele ilifaa, wataitundika pwani nzima, na kosa langu litarudiwa," alisema. "Nikisema kweli, nafukuzwa kazi." Akamtazama mkewe. Benedicta alimsogezea wino. Alipomaliza akatusomea: "Kengele iligongwa barabara. Watu wote wakakimbilia baharini. Kosa ni langu, kwa kuwa onyo la serikali nililigeuza mwito wa kuvua pweza."

Tulikuwa wengi pale, na hakuna aliyecheka. 

"Niandike na mie," nikamwambia. "Mauwa binti Jamali. Mie ndiye niliyekuomba usiache kugonga."

"Mama, si lazima."

"Andika, karani."

Akachovya kalamu, akaliandika jina langu chini ya lake, kisha akanisomea nilisikie.