Vipande vya Ramani ya Murungu

Mara ya nne faili lilipokwama palepale, Loyce aliacha kuulaumu mtandao, akaanza kumlaumu Godson.

Loyce alikuwa mpimaji ardhi, mwenyeji wa Same. Mwezi mzima alikuwa kitongoji cha Murungu, wilayani Kibondo, akirusha droni juu ya mashamba ya mihogo na kutembea mipaka pamoja na wenye mashamba. Picha zote na orodha ya majina vilikuwa faili moja la gigabaiti sita, lililotakiwa kufika kwenye seva ya mradi kule Dodoma kabla ya Ijumaa saa kumi jioni. Lisipofika, kitongoji kile kingesubiri awamu nyingine ya hati, na hakuna aliyejua kama ingekuwepo. Kibondo mtandao ulimshinda. Akaja Kasulu, kwenye ofisi ndogo ya mradi, ambako fundi wa kompyuta alikuwa huyo Godson.

Kwenye kivinjari mstari wa kijani ulijikokota kutwa nzima. Arobaini, themanini, asilimia tisini na sita. Kisha maandishi mekundu: imeshindikana. Na kila mara ilibidi kuanza tena sifuri.

"Ni mtandao, dada," Godson alisema bila kuinua macho.

"Mtandao gani huo unaokufa tisini na sita kila siku?"

Jumatano asubuhi Loyce akamsikia Verediana, mama wa chai, akimwuliza Godson, "Baba yako mdogo wa Murungu hajambo? Mzee Anania?"

Loyce akaweka kikombe chini taratibu. Anania ndiye mwenye shamba kubwa lililopakana na kitongoji, na ramani ile ilimrudisha nyuma ya mto, akaacha ekari thelathini alizozoea kulima. Tangu saa ile hakubanduka kwenye kompyuta yake; hata msalani alienda nayo.

Alhamisi aliwahi ofisini. Godson hakuwepo, lakini kioo cha kompyuta yake kilikuwa wazi. Loyce akainama. Lilikuwa kabrasha lenye jina la Murungu, na ndani yake vipande mia moja na ishirini, kila kimoja na namba yake.

"Unatafuta nini hapo, dada?"

Godson alikuwa mlangoni, mkononi ameshika chapati.

"Umeikatakata ramani yangu?"

"Nimeikata, ndiyo. Ni ile nakala uliyonipa Jumanne." Akavuta kiti. "Seva haisubiri. Ombi moja likichukua muda mrefu mno, inalikata, na kwa kasi ya mtandao wetu muda unakwisha faili likifika tisini na sita. Nimezungumza na Elieth, fundi wa Dodoma, akafungua njia ya kupokea vipande. Kikikwama kimoja, narudia hicho tu. Vikitimia, seva inaviunga."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniruhusu niikate?"

Loyce alijua asingeruhusu. "Na nitajuaje kilichofika ndicho nilichopima?"

"Kila faili lina namba yake ya uhakiki. Ikibadilika herufi moja tu ndani, namba nzima inabadilika."

Ijumaa saa nane mchana kipande cha mwisho kilifika. Loyce hakumsubiri Godson amsomee chochote. Alitoka nje na kompyuta yake, akatoa namba ya faili lake mwenyewe, akampigia Elieth.

"Nisomee ya huko, mama."

Elieth akasoma. Hazikulingana. Hazikukaribiana hata.

Loyce akarudi ndani. "Umebadilisha nini, Godson? Mzee wako kakutuma ubadilishe nini?"

Godson alibadilika rangi. Akageuza kompyuta ya Loyce, akatazama. "Faili lako limeguswa Jumatano jioni. Nani kaligusa?"

Loyce akakaa. Jumatano jioni mama Esteri, mjane, alimpigia simu kutoka Murungu: shamba lake limeandikwa jina la shemeji yake. Loyce alisahihisha palepale, huku amekaa kitandani nyumba ya wageni, na hakumwambia mtu. Kilichofika Dodoma kilikuwa kile cha Jumanne, chenye shamba la mama Esteri mikononi mwa shemeji.

Godson akalikata upya faili jipya. Vipande viwili tu ndivyo vilivyotofautiana, akavituma hivyo upya. Saa tisa na nusu Elieth akasoma tena namba, tarakimu na herufi moja moja, Loyce akifuata kwa kidole. Zote zikalingana.

"Baba yako mdogo hakukupigia?" Loyce aliuliza.

"Alinipigia Jumatatu. Aliuliza kama kazi inaweza kuchelewa."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia inaweza. Kisha nikampigia Elieth ili isichelewe."

Loyce akamtazama usoni kama anayekagua alama ya mpaka. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema, kisha akachukua simu kumpa mama Esteri habari.