Moto wa Njano

Saa moja kasoro asubuhi, moto wa boila ya jikoni, ile ya gesi inayopasha nyumba yote joto, ulikuwa wa njano. Tangu niolewe katika nyumba ile ya mjini Sétif, nilikuwa nimeuona wa buluu tu kupitia kidirisha chake. Ukutani palikuwa na doa la masizi la upana wa kiganja. Ninafundisha kemia. Moto wa gesi ukikosa hewa huwa wa njano, na sumu yake haina rangi wala harufu.

Mwanangu Anis, wa miaka minne, alikuwa akilala chumba kilichopakana na jiko. Jana yake alilalamika kuumwa kichwa. Changu pia kilikuwa kinagonga.

"Imezeeka, mama," mume wangu Yazid alimwambia mama yake, Zoulikha. "Leo nanunua mpya."

"Marehemu baba yako aliifunga mwaka uliozaliwa. Na wewe nikubadilishe?"

"Mimi sitoi masizi."

"Unatoa maneno. Afadhali masizi."

Yazid alicheka, akachukua funguo za gari. Nje theluji ya Machi ilikuwa inaanguka.

Nikawasha ubani, nikausogeza kwenye uwazi ulio chini ya bomba la moshi. Moshi ulipaswa kuvutwa juu. Ulinirudia usoni. Boila mpya ingefungwa kwenye bomba lilelile. Nikaizima ile ya zamani, nikafungua dirisha, nikatoka kutazama paa.

Korongo alikuja Januari akajenga kiota juu ya bomba. Kwetu husemwa alikuwa mcha Mungu aliyegeuzwa ndege. Mama Zoulikha aliwapikia majirani kuskusi kwa furaha. Kila siku ndege aliongeza vijiti. Sasa mdomo wa bomba haukuonekana. Alikuwa ameatamia, theluji mgongoni, hatikisiki.

Nikampigia Yazid. "Usinunue kitu. Rudi."

Nilipoingia, dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa na moto wa njano unawaka. Mama Zoulikha alikuwa kwenye kiti, mkono kwenye paji la uso. Anis alikuwa mapajani mwake, mdomo wazi.

"Mtoto aliona baridi," alisema polepole. "Nikawasha."

Nilimwita Anis. Hakufumbua macho. Nilimbeba hadi uani, nikarudi kumvuta bibi yake kwa mkono. Kwenye theluji Anis alitapika, kisha akalia. Yazid alitukuta hapo. Hospitalini waliwawekea wote wawili oksijeni mpaka alasiri.

Tuliporudi, Yazid aliegemeza ngazi ukutani, akaanza kupanda kwenda kung'oa kiota.

"Shuka," mama yake akasema. "Yule ndege hakuwasha kitu. Niliyewasha ni mimi. Na ana mayai."

"Na mjukuu wako je?"

Mama Zoulikha aliingia jikoni, akafunga gesi, akachomoa mpini wa koki, akanikabidhi.

"Shika, binti yangu. Mimi usiniamini tena. Iwe mpya, iwe ya zamani, haiwaki mpaka makinda waruke na bomba lisafishwe."

"Tutaganda, mama."

"Vaa soksi, mwanaume mzima."

Tulilala sote chumba kimoja, mpini chini ya mto wangu. Redieta, vyuma vya kupashia vyumba joto, zilikuwa baridi kama chuma cha nje. Hata hivyo, kila niliposhtuka nilimwekea Anis kiganja puani.

Alfajiri aliniamsha yeye. Alitaka soksi za pili.