Kidogo Tu, Ni Krismasi

Mzee Nicolaus alibakiwa na mguu mmoja. Wa kulia ulikatwa mwezi wa nne kwa sababu ya sukari, na daktari alimwambia mwanaye Magesa waziwazi: akicheza na chakula, wa kushoto nao unaondoka. Tangu hapo, pale nyumbani kwao Guta, Magesa alimlisha baba yake ugali wa mtama na mchicha, na chai ya rangi isiyo na sukari. Hata hivyo, wiki mbili kabla ya Krismasi, kidonda kikatokea kwenye kisigino cha kushoto.

Siku ya Krismasi ndugu wakaja. Lameck, mdogo wake Magesa, alitoka Butiama na mbuzi. Dada yao Eunice alitoka Bweri na kreti la soda na keki, nyeupe juu kama imepigwa chokaa.

"Kaka, baba unamlishaga kama mfungwa," Eunice alisema. "Na hata jela leo wanakula pilau."

"Wa jela wana miguu miwili."

"Huyu angekuwepo Bethlehemu," Lameck akadakia, "wale mamajusi wangeacha zawadi nje."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Hakuwa amecheka tangu mwezi wa nne, na kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Magesa alipokwenda kuhamisha ng'ombe, Eunice alimkatia keki. Lameck alimshikia kikombe cha soda, akamwambia anywe upesi. Rhobi, mke wa Magesa, alimrudishia sahani ya pilau mara ya pili. Na Magesa mwenyewe alikuwa ameshawatangulia wote: alfajiri, wageni hawajafika, alimpelekea andazi la moto na chai ya vijiko viwili vya sukari, kwa sababu mzee alisema, "Mwanangu, mwakani sitakuwepo."

Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja aliona chake ni kidogo.

Kufika saa kumi mzee alikuwa anakunywa maji bila kukoma, kisha akaanza kuongea ovyo. Wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali, Bunda mjini. Kipimo kilishindwa kusoma. Sukari ilikuwa imepita mwisho wake.

Dripu ilipomrudisha kidogo, muuguzi akauliza, "Mzee, leo umekula nini?"

"Ugali wa mtama," mzee akajibu. "Na mchicha. Muulize huyu, ananichungaga."

Akamtazama Magesa. Eunice akainamia sakafu. Lameck akatoa simu.

"Basi dawa yake ya sukari imegoma," muuguzi alisema. "Itabidi daktari aipandishe."

Magesa alijua dawa ikipandishwa juu ya uongo, siku mzee akirudi kwenye mtama wake sukari itashuka mpaka imuue.

"Dada, andika," alimwambia muuguzi. "Andazi moja na chai ya vijiko viwili. Nimempa mimi." Akawageukia wenzake. "Na nyinyi semeni."

Wakasema. Keki, vipande vitatu. Soda, vikombe viwili, hapana, vitatu. Rhobi akataja pilau huku analia. Katikati muuguzi aliacha kuandika, akawatazama mmoja mmoja kama watu waliokamatwa wakimpiga mtu.

Daktari alikuja akafungua kisigino. Harufu ikajaa chumba.

"Kesho asubuhi tunakata," alisema. "Huu ulishaoza ndani kitambo, hata kabla ya leo."

Magesa akafikiria miezi yote ile ya mtama.

Mzee alimwita kwa kidole. Akainama.

"Siku moja tu nimekula kama mtu," mzee alinong'ona. "Na wewe ukaenda kuianika kwa watu wasionijua."

"Baba, ni kwa ajili ya dawa."

Mzee alikuwa ameshageukia ukutani.

Muuguzi akaleta karatasi ya ndugu kukubali upasuaji. Lameck akaisogeza kwa Eunice, Eunice akaisogeza kwa Magesa. Magesa akaiweka juu ya goti, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja. Mzee hakugeuka.