Yanakokwenda Maganda

Mwokoaji wa waogeleaji katika hoteli ya ufukweni alimchukia shemeji yake tangu siku alipomwoa dada yake, wala hakujisumbua kuficha. Ndiyo maana shemeji mtu alipofanywa meneja wa hoteli hiyo, amri yake ya kwanza ilikuwa kumkataza mwokoaji kutupa maganda ya machungwa baharini. Uchafu, alisema.

Hata hivyo, kila asubuhi mwokoaji aliyachukua jikoni, akayarusha majini na kuyatazama. Yaliyoangukia penye mawimbi yalirudi mchangani. Yaliyoangukia katikati, pale palipotulia kama chai kikombeni, yalikwenda zake kilindini. Huo ndio mkondo: maji yote yaliyoletwa na mawimbi hutafuta njia ya kurudi, na njia yenyewe haina mawimbi. Mjinga akiiona hufurahi.

Jumamosi moja alikuta bendera zake mbili, zinazoonyesha pa kuogelea, zimehamishiwa hapo penye utulivu. Meneja alieleza kwamba wageni wamelalamikia mawimbi. Kisha akamwuliza, mbele yao, maganda yamemwambia nini leo. Wakacheka. Meneja akavua shati, akaingia majini kwa mikogo.

Maji yalimfika kiunoni, halafu miguu ikakosa chini. Alipogeuka, wageni ufukoni walionekana wadogo kwa umbali. Akakazana kurudi moja kwa moja, kosa la kila mtu, na kadiri alivyokazana ndivyo alivyozidi kwenda.

Mwokoaji alisimama akitazama. Hakusimama sana, lakini alisimama, na moyo wake ulijua kwa nini. Ndipo alipomkumbuka dada yake, akachukua boya.

Alipomfikia, alimsukumia boya na yeye mwenyewe akakaa mbali na mikono yake.

"Shika hilo, usinishike mimi. Acha kushindana na maji. Tunakwenda kando, sambamba na ufuko, mpaka kule penye mawimbi."

"Ufuko uko mbele."

"Na maganda yalikuwa yanakwenda wapi, shemeji?"

Meneja akapiga miguu kuelekea alikoambiwa. Mawimbi aliyoyakimbia ndiyo yaliyowasukuma wote wawili mpaka mchangani.

Meneja alitapika maji ya chumvi, akainuka, akaona macho ya wageni. Akatangaza, wote wasikie, kwamba bendera ziliwekwa pale na mwokoaji, na kwamba huo ni uzembe.

"Kesho usije kazini," alimwambia.

Mwokoaji alikuwa tayari anazing'oa bendera.

"Sawa," alisema. "Na wewe kesho usiingie majini."