Wavu wa Kuchotea Roho

"Barabara hii mimi naweza kuiendesha nimefumba macho," Buaphan aliwaambia wageni wake, mkono mmoja juu ya usukani. "Chiang Rai nzima hakuna dereva wa kunishinda." Akakata kona. "Na nimeshaiendesha hivyo, mwaka juzi. Usingizi ulinipitia. Nilikuja kuzinduka katikati ya shamba la mananasi, mwenye shamba kasimama dirishani ananiuliza nataka mangapi."

Bibi Orawan alicheka hadi akashika kifua. Mumewe, mzee Chamnong, hakucheka. Aliuvuta mkanda wa kiti akaukaza.

Walikuwa wastaafu kutoka Bangkok, wamekodi gari zima peke yao kwa siku nzima: mahekalu ya wasanii asubuhi, mtoni mpakani baadaye. Bibi alipenda picha. Mzee alipenda ndege wa porini, na darubini ilining'inia shingoni mwake kama kengele ya ng'ombe. Wageni wema, wasio na makuu. Buaphan angewapenda sana siku nyingine yoyote.

Leo alitaka kitu kimoja tu, nacho ni kuwa kando ya mto Mekong saa sita mchana. Mwanawe Tonkla alikuwa amempigia juzi. Alisema atapanda juu ya paa la jumba alimokuwa akifanya kazi, ng'ambo ya mto, apunge taulo jeupe, mama yake amwone. Tangu avuke wakati wa kupandikiza mpunga, macho yao hayakuwa yamekutana, na sasa mpunga ulikuwa umeshavunwa na mabua yamechomwa.

Chini ya kiti cha nyuma kulikuwa na kikapu kilichofunikwa kanga kuukuu. Bibi Orawan alikuwa ameshakiuliza asubuhi hotelini.

"Chakula changu," Buaphan alijibu. Haukuwa uongo mtupu. Ndani mlikuwa na yai la kuchemsha, ndizi na tonge la wali wa kunata. Ila mlikuwa pia na shati la bluu na wavu mdogo wa mpini, wa kuchotea dagaa mtaroni.

Kwenye hekalu jeupe, aliwaacha wageni wapite darajani, yeye akabaki upande huu. Chini ya daraja lile mchongaji amejaza mikono, mamia kwa mamia, inachomoza shimoni kuomba. Anayevuka haruhusiwi kugeuka. Mlinzi alikuwa na kipaza sauti, na kazi yake yote duniani ni kuwaambia watu wasonge mbele.

Zamani Buaphan aliwaambia wageni kwamba ile mikono ni ya waume zake wa zamani, wanamwita arudi. Walicheka wote, hata Wajerumani. Siku hizi mzaha ule haukutoka. Kila alipoangalia shimoni, alijikuta anatafuta mkono mmoja wenye kovu kwenye kidole gumba. Tonkla alikuwa fundi simu sokoni, bisibisi ilimteleza.

"Songa mbele, bibi," kipaza sauti kilimwambia Orawan, aliyetaka kurudi hatua moja apigwe picha. "Huku hakurudiwi."

Kwenye hekalu la bluu mambo yakawa mabaya zaidi, kwa sababu pale wanauza aiskrimu. Bibi Orawan alinunua ya bluu, iendane na kuta. Akaipiga picha, akamshikisha mumewe, akampiga naye. Ikayeyuka, akanunua nyingine. Buaphan alisimama kivulini, simu mkononi, akitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Gari ni la wageni. Siku ni yao. Dereva kazi yake kufungua mlango.

"Sasa ile nyumba nyeusi," Orawan alisema akirudi garini, ulimi umekuwa bluu kama wa mbwa wa Kichina. "Ile ya mafuvu na pembe za nyati."

"Imefungwa leo, bibi," Buaphan alisema upesi. "Wanapaka rangi."

"Rangi gani?" mzee Chamnong akauliza.

"Nyeusi."

Orawan alikuwa ameinamia simu yake. "Mbona rafiki yangu Malai yumo ndani sasa hivi? Huyu hapa, amekaa kwenye kiti cha pembe. Amenitumia picha dakika hii."

Gari lilinguruma bila kwenda popote. Buaphan aliangalia kioo cha nyuma, akaona nyuso mbili zinamsubiri.

"Basi watakuwa wanapaka upande wa uani," alisema.

Kisha akayatoa ya moyoni, macho yakiwa barabarani, maana uso kwa uso asingeweza. "Nina mtu wa kuonana naye mtoni saa sita. Nisameheni."

"Mwanamume?" mzee aliuliza, na mkewe akamfinya.

"Mwanamume, ndiyo. Nilimzaa mwenyewe."

Bibi Orawan alifunga mkoba wake. "Mafuvu yenyewe nina la kwangu hapa pembeni," alisema, akimtupia mumewe jicho. "Twende mtoni, dada."

Njiani kuelekea kaskazini aliwasimulia kidogo kidogo, kama mtu anayetoa miiba. Rafiki alimwambia Tonkla kwamba mji wa kamari, ule wenye jumba la taji la dhahabu upande wa Laos, unatafuta vijana wanaojua mitambo. Chakula bure, kitanda bure. Akavuka na begi moja. Mwanzoni alipiga simu kila siku. Baadaye mara moja moja, sauti yake imenyooka kama ya mtoto anayesomeshwa ubaoni, na nyuma yake mtu anakohoa.

"Mnakula nini?" Buaphan humuuliza.

"Tunakula vizuri, mama."

"Mnakula nini, nimesema."

"Vizuri."

"Polisi je?" Chamnong akauliza.

"Wana adabu sana. Walinipa chai." Alipunguza mwendo kupisha trekta. "Wakasema ni mtu mzima, alipita mpakani kwa miguu yake, na mto ule ukishauvuka ni nchi ya watu. Nikawaambia naiona nchi yenyewe, ninaweza kuipigia kelele ikasikia. Wakaniongezea chai."

Jambo la kikapu hakuwaambia. Watu wa Bangkok wangemwona mshamba. Lakini kijijini kwao Buaphan, mtu akipatwa na kitu kizito, roho yake nyepesi humtoka ikabaki pale pale ilipoangukia, naye akatembea tupu, asile, asicheke. Ndugu huenda pale na wavu, wakaichota kama dagaa, wakaiita kwa jina, wakaifunga ndani ya shati la mwenyewe na kurudi nayo nyumbani. Tonkla ng'ambo ile hakuweza kufikiwa, lakini mto ulikuwa ukipita chini ya madirisha yake, na Buaphan alihesabu kwamba roho iliyoanguka pale italetwa na maji. Kila safari ya kuja huku alichota.

Bibi Kamnoi, anayewafungia watu kijijini uzi wa baraka mkononi, alimwonya jambo moja tu. "Hakikisha ni pale pale alipo, Buaphan. Ukichota pasipo pake, utakuja na roho ya mtu mwingine, ikae kwako na kukulia wali."

"Namwona alipo," Buaphan alimjibu. "Jumba lina taji kubwa kuliko kichwa chako."

Walifika jua limesimama wima. Mekong ilikuwa pana na ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo yake taji la dhahabu lilimeta juu ya majumba kama sahani iliyosuguliwa mno. Wageni walielekea kwa muuza samaki wa kuchoma. Buaphan alichukua kikapu, akashuka ngazi hadi maji yalipogusa vidole. Akaweka yai, ndizi na wali juu ya jiwe. Akatandaza shati magotini, lile la bluu la duka la simu, lenye doa la gundi mfukoni. Akazamisha wavu.

"Tonkla, mwana wa mama, njoo," aliita kwa sauti ya chini. "Usikae kwenye maji ya baridi. Usikae na watu usiowajua. Kitanda kimetandikwa. Njoo tule."

Akachota mara moja, mara ya pili. Ya tatu ilitoka na jani na povu, akaifunga ndani ya shati haraka, akalikumbatia.

"Dada, unavua?"

Mzee Chamnong alikuwa ameshuka nyuma yake. Aliangalia yai. Aliangalia shati, lililokuwa likichuruzika juu ya sketi ya Buaphan. Hakuuliza tena. Alivua darubini shingoni, akamwekea kwenye jiwe la juu. "Itakusogezea," alisema, akapanda ngazi polepole akijifanya anatafuta ndege.

Simu ikalia.

"Mama?"

"Kla, mwanangu. Nimefika. Niko ngazini."

"Mimi nipo juu, mama. Napunga taulo." Nyuma yake mtu alikohoa. "Unaniona?"

Buaphan aliweka darubini machoni. Taji likamrukia usoni, kubwa, kila kioo chake. Alilishusha jicho hadi paani, akapita kona moja hadi nyingine. Tangi la maji. Nyaya. Mfanyakazi mwanamke aliyeketi kwenye ndoo, anavuta sigara, mgongo umeelekea mto. Akajaribu paa la pili, na la tatu. Majumba yale yote yalikuwa na mapaa, na mapaa yote yalikuwa na jua tu.

"Mama? Unaniona?"

Labda yuko upande wa pili. Labda taulo ni dogo. Na kama akisema hamwoni, yule anayekohoa atafurahi au atakasirika? Mtoto ataambiwa nini akishuka? Alitafuta neno lolote la kumpa, na kitu pekee kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa shati.

"Nakuona," alisema.

"Unaniona kweli?"

"Nakuona vizuri mno. Umekonda kidogo. Umevaa lile shati lako la bluu, limekupendeza."

Kikohozi kilisimama. Halafu Tonkla alivuta pumzi, na sauti iliyotoka haikuwa ile ya ubaoni. Ilikuwa sauti yake ya sokoni, ya kumwambia mama yake kwa utani apunguze chumvi.

"Mama, shati la bluu nililiacha kwenye msumari. Nyuma ya mlango."

Buaphan alikaa na mdomo wazi kama mtoto aliyekutwa na sukari midomoni.

"Na mimi," alisema kijana, upesi sasa na kwa mnong'ono, "mimi sipo hapo. Walituhamisha zamani. Huku hakuna mto, mama. Ni mili..."

Simu ikakatika. Alipiga, haikuita. Akapiga tena.

Juu ngazini bibi Orawan alikuwa akimwita, samaki ameiva, aje kabla hajapoa. "Umemwona, dada? Umemwona mwanao?"

Buaphan aliangalia furushi la bluu magotini pake. Lilikuwa limelowa na lina baridi, na zito kidogo kuliko maji yaliyomo. Alikuwa amesharudi nyumbani na mengi kama hili, yote yamechotwa hapa, pasipo pake. Aliyafungua moja baada ya jingine chumbani, juu ya kile kitanda kilichotandikwa.

"Nimemwona," alijibu bila kugeuka, na maji yakaendelea kumchuruzika kwenye sketi.