Albamu Tano za Mama Bonge

Mwaka mzima nimesikiliza muziki kwa sikio moja. La kulia lina waya wa simu. La kushoto ni la mwanangu Bonge, nisije nikakosa kilio chake, na la Fundi, bosi wangu wa ushonaji, asiyependa kuita mara mbili.

Hivyo hivyo nikamaliza albamu thelathini na nane. Ndipo redio ikanichagua: Jumamosi saa nne asubuhi mtangazaji angenipigia, nitaje tano bora za mwaka na niseme kwa nini. Mimi! Ambaye nyumbani nikisema “hebu sikilizeni hapa,” kila mtu anakumbuka ana kazi nje.

Niliandika orodha kazini, kwenye karatasi ya kaki ya kuchorea vipimo iliyokuwa karibu. Kosa langu. Kwa Fundi, kaki isiyo na jina la mteja ni halali ya mkasi.

Jumamosi nafika, Bonge mgongoni, saa nne kasorobo. Orodha yangu imekuwa kola mbili na nusu ya mkono wa shati, imebanwa kwa pini juu ya kitambaa cha bluu.

“Fundi! Umekata albamu zangu!”

“Nimekata kola, mwanangu. Ungeandika jina la mteja.”

“Mteja gani wa albamu?”

“Nitajuaje? Nimesoma ‘kifua kipana, pumzi ndefu,’ nikajua ni vipimo vya mtu.”

Wenzangu wakacheka hadi uzi ukawakatikia. Mimi sikucheka. Simu ikaita.

“Mama Bonge!” mtangazaji akapaza sauti. “Tutajie zile za kubembelezea watoto!”

“Hizo sina. Ya kwanza ni jazi, ya mpiga tarumbeta mmoja…”

“Mama na jazi wapi na wapi!”

Nikaendelea. “Anajua kunyamaza katikati ya wimbo, kama mtu anayetafuta neno la kumwambia mgonjwa. Ya pili ni kwaya ya wazee wasioonea aibu sauti zao kutetemeka. Ya tatu ni rumba, magitaa mawili yanataniana kama mashemeji. Ya nne, binti wa rapu, yeye…”

“Asante sana mama, matangazo yanatusubiri!”

“Bado ya tano!”

Simu ilishakatwa.

Ya tano ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Sentensi niliyoandika juu yake, mwalimu wa darasa la jioni ninalosoma alinisahihisha mara tatu, ili isikike vizuri hewani. Nikamshusha Bonge kwenye mkeka, nikaikanyaga cherehani kwa hasira hadi sindano ikavunjika.

“Na wewe nawe!” nikaifokea.

Fundi akasimamisha cherehani yake. Akawaashiria wengine nao wasimamishe. Sijawahi kukisikia chumba kile kimya saa za kazi.

“Redio wana matangazo,” akasema. “Sisi hatuna. Ya tano ni ipi?”

Nikafungua mdomo. Bonge naye akaangua kilio.

“Mleteni huku kwangu,” Fundi akasema, akinyoosha mikono. “Wewe sema.”